Pacha Ambaye Hakuitwa

Habari ya kifo chake ilinifikia sokoni Kalerwe asubuhi, nikiwa nimeinama nachambua vitunguu vilivyonyeshewa usiku. Aliyeileta ni sista wa wodi ya watoto njiti, mteja wetu wa siku nyingi, mtoto wa polisi kutoka kaskazini ambaye Kiswahili alikinywa pamoja na uji wa kambini. Hakusema kwamba Daktari amekufa. Alishika kitunguu, akakirudisha mahali pake, akasema, "Daktari wetu ameruka." Hapa Buganda watu hawasemi kwamba pacha amekufa, pacha huruka. Na yeye alikuwa pacha, wa pili kuzaliwa, jambo ambalo jina lake lilimtangazia kila mtu kabla hajafungua mdomo. Jina hilo sitaliandika, kwa sababu safu yangu hii ya gazetini haina desturi ya kutaja majina, na pia kwa sababu mjini humu wamelibeba wanawake wengi kiasi kwamba ukilitaja bado hujamtaja mtu. Dada yangu alikaa chini juu ya gunia. Mimi niliendelea kuchambua, maana mikono yangu haijui la kufanya inapoletewa jambo kubwa. Sista akaniuliza kama nitaandika. Nikamwambia nitaandika, ila mimi huandika polepole. Akasema, "Yeye hana haraka sasa." Ni mzaha ambao marehemu angeupenda, baada ya kuuliza kwanza kama sista ana ushahidi.

Kazi yake ilikuwa ngumu kueleza, na watu wengi waliomfahamu walikata tamaa mapema wakasema tu kwamba ni daktari wa hesabu. Katika hospitali moja hapa Kampala, ile ya namna ambayo wanafunzi wa udaktari husomea humo humo wodini, yeye aliongoza utafiti na uchambuzi wa takwimu za wagonjwa katika idara ya watoto. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaieleza kazi hiyo kama alivyonieleza yeye mbele ya meza yetu, kwa Kiswahili chake alichokiendesha kama baiskeli ya kuazima. "Wewe nasema leo vitunguu imeoza mingi," aliniambia. "Sawa. Mingi kushinda siku gani? Na imeoza kwako peke yako, ama kwa kila mtu? Mimi kazi yangu ni kuuliza hivyo, lakini kwa watoto." Nikamwambia basi ni kazi ya kuuliza tu. Akafikiri, akasema ndiyo, na kwamba wenzake wengi katika idara wangependa aulize kidogo kidogo.

Hakutia chumvi. Sista alikuwa akitusimulia kwamba madaktari wakubwa, watu wenye vitambi na wanafunzi wa kuwafuata, walikuwa wakipunguza mwendo wakipita mlangoni kwake ili viatu visisikike. Ukimwambia kwamba watoto wa nimonia wameongezeka, aliuliza umejuaje. Ukimwambia umewaona, aliuliza uliwaona kwa siku ngapi, na siku ambazo hukuwepo aliwaona nani. Daktari mmoja alimjibu kwamba yeye ametibu watoto kwa maisha yake yote, naye akamwambia kwa upole mkubwa, "Ndiyo maana unawakumbuka wale waliorudi kukushukuru." Daktari huyo hakumsalimia kwa muda mrefu, na marehemu alilihesabu jambo hilo kuwa faida.

Maana kusalimiwa nako kulimchosha. Katika mji ambao salamu hupita kwa mke, watoto, ng'ombe na mvua kabla haijafika kwenye shida iliyokuleta, yeye alikubali salamu moja kwa kila mtu kwa kila mkusanyiko. Ukimpa mkono mara ya pili aliutazama kama hundi ya mtu asiyemjua, akasema, "Hiyo tunayo." Alisema vivyo hivyo mkutanoni mtu aliporudia hoja ya mwenzake. Hiyo tunayo. Alisema hivyo harusini, mchungaji alipoanza kueleza upendo kwa mara ya tatu, na walioketi karibu naye wanaapa kwamba mchungaji alisikia. Aliishi Old Kampala, ghorofani juu ya duka la zamani la Wahindi, katika nyumba yenye kikombe kimoja, sahani moja na kiti kimoja cha mgeni. Mgeni wa pili alikaribishwa kitandani.

Siku moja nilimuuliza chuki hii ya kurudia ilitoka wapi. Sikuuliza kwa ujasiri; niliuliza nikitazama mizani. Akasema imetoka utotoni. Yeye na dada yake walifanana kama punje mbili za njugu, na mama yao aliwashonea kitambaa kimoja, akawanyoa siku moja, akawaita kwa pamoja ili asikosee. Shuleni walipokuja watu wa chanjo, dada yake alijificha chooni. Yeye akachomwa, akatoka, na alipopita tena uani muuguzi akamshika, akasema huyu bado. "Nililia nikamwambia mimi nimeshapata," alisema. "Yeye akasema, 'Yule alikuwa mwenzako.' Mimi nilibeba sindano ya dada yangu katika mkono hii." Alinionyesha mkono. Hapakuwa na alama yoyote, lakini nilitikisa kichwa kwa heshima. Nadhani tangu siku ile aliapa kwamba akikua, kitu kitahesabiwa mara moja tu.

Akakua, na akapewa kompyuta ya idara nzima. Hapo ndipo familia yetu inapoingia. Dada yangu alijifungua mapacha wa kike katika mwezi wa saba wa mimba, hospitalini kwa Daktari, ingawa wakati huo hatukujua kwamba yupo. Katika safu hii nitawaita Kulwa na Doto, kama Waswahili wanavyowaita pacha wa kwanza na wa pili, na si majina yao. Walikuwa wadogo mno. Doto aliweza kulala ndani ya kofia ya baba yake. Walikaa wodini muda mrefu wakipewa oksijeni, kila mmoja na kibandiko kimeandikwa mtoto wa fulani, maana wodini mtoto njiti hutambuliwa kwa jina la mama mpaka familia ipate moyo wa kumpa lake. Walipotoka, sista alitueleza kwamba watoto wa namna hii wana hatari moja isiyoonekana. Mishipa midogo nyuma ya jicho inaweza kukua ovyo, na mtoto akapofuka huku anakutazama na kucheka kama kawaida. Ikigunduliwa mapema hutibiwa. Ikichelewa, basi. "Mtapigiwa simu mlete kupima," alisema. "Msikose."

Simu ilipigwa, na shemeji ndiye aliyeipokea. Yeye, kama sisi, ni Mkenya wa upande wa magharibi, na hufanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Jioni aliporudi Kasubi, tulipopanga, alitangaza habari hiyo akiwa bado mlangoni.

"Wametupa nafasi. Kesho kutwa asubuhi, mtoto apimwe macho."

"Nafasi ngapi?" dada aliuliza.

"Moja."

"Na watoto ni wawili."

"Hospitali inajua ni wawili, ndiko walikozaliwa. Wakisema moja, wameangalia kwa vyombo vyao wakaona ni mmoja mwenye wasiwasi."

"Yupi?"

Shemeji aliwatazama watoto wote wawili kama fundi anayetazama mabati. "Kulwa. Ndiye aliyekaa zaidi kwenye oksijeni."

Hakuna aliyeona kasoro katika maneno hayo, na hata leo siwezi kuyacheka. Mtu wa kawaida akiitwa hospitalini, hudhani aliyemwita anajua zaidi. Wingu lilikuwa zito, Doto alikuwa anakohoa, na kubeba mmoja ni rahisi kuliko kubeba wawili. Dada akaenda na Kulwa, mimi nikabaki sokoni na Doto mgongoni. Kulwa alipimwa, macho yakaonekana mazima, na jioni shemeji alinunua nyama. Doto alilala wakati sisi tunakula, na ndani ya macho yake mishipa ile ilikuwa inakua.

Yaliyofuata alitusimulia sista baadaye. Idara ilikuwa inajiandaa kwa mkutano mkubwa, wenye wageni kutoka nchi jirani, na habari nzuri ya kutoa ilikuwa hii ya macho: kila mtoto njiti aliyeitwa alikuja, na hakuna aliyepoteza kuona. Mkuu wa idara alikuwa ameshaagiza keki. Wote walikuwa na furaha isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta akiwa amenuna. Akamwita kijana wa kompyuta.

"Mapacha iko wapi?"

"Hakuna mapacha, Daktari."

"Hakuna mapacha Kampala?"

"Kwa hawa waliokuja macho, hakuna."

"Kijana, kwa barabara yangu peke yake, ukiita Nnalongo, wanatoka milango mingi." Nnalongo ndilo jina la heshima ambalo Waganda humpa mama wa mapacha. "Na mapacha wanazaliwa mapema kushinda wengine. Hapa walipaswa kujaa. Tafuta."

Kijana akatafuta, kisha akaacha kutafuta, kwa sababu alijua walipo. Hapo nyuma umeme ulikuwa ukikatika, na wauguzi walikuwa wakiingiza mtoto mmoja mara mbili bila kujua. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa imefundishwa kwamba ikikuta watoto wawili wenye mama mmoja, simu moja na siku moja ya kuzaliwa, imtoe mmoja, maana ni yule yule amerudiwa. Ilikuwa ikimwangalia kila Doto wa Kampala na kusema, hiyo tunayo.

"Nani aliagiza hivi?" Daktari aliuliza.

Kijana alitazama meza. "Ni wewe, Daktari."

Mwanamke aliyekasirika maisha yake yote kwa kuchanganywa na pacha mwenzake alikuwa ameitengeneza mashine ya kuchanganya mapacha. Hakulia, wala hakumlaumu kijana. Aliagiza watoto wote waliotolewa warudishwe, simu zianze kupigwa mara moja, na wasiopatikana wafuatwe. Simu ya shemeji siku hiyo haikupatikana. Alikuwa ameizima, dukani kwao hawaruhusu. Kwenye maelezo ya wodi palikuwa na neno moja tu la kutusaidia: mama huuza vitunguu Kalerwe. Daktari akachukua mkoba wake. Sista akamwambia atumwe mtu mwingine, kule kuna matope. Akajibu kwamba hao watu wengine ndio waliokuwa hawajawaona mapacha.

Sasa nitawaeleza alivyoingia sokoni, na wale waliokuwepo watanisahihisha. Mvua ilikuwa imenyesha na mtaro umemwagika. Akaja mwanamke mfupi mwenye miwani, amevaa viatu vyeupe, jambo ambalo Kalerwe halijaonekana tena, na nyuma yake sista amebeba mwavuli asioutumia. Alisimama katikati ya njia, akaita kwa sauti ya darasani, "Natafuta Nnalongo." Wakajitokeza akina Nnalongo. Akaja Nnalongo wa matoke, Nnalongo wa dagaa, Nnalongo wa mifuko ya kaveera, na mmoja ambaye mapacha wake wana watoto wa kwao. Akaja pia mwanamke mmoja aliyezaa watoto wanne mmoja mmoja, akieleza kwamba mbuzi wake ndiye aliyezaa pacha, kama kuna msaada unagawiwa. Daktari aliwasalimia wote, kila mmoja mara moja.

Jirani yetu wa nyanya, ambaye ulimi wake haujawahi kuona likizo, akamwita daktari kwa Kiganda akasema, "Musawo, hospitali imekosa wagonjwa mpaka mnakuja kuwachagua sokoni?"

"Imekosa mmoja," Daktari alimjibu. "Natafuta Nnalongo wa vitunguu, ametoka Kenya."

Dada alikuwa ameenda kushusha magunia. Nilikuwa mimi peke yangu mezani, na Doto mgongoni. Daktari akanijia, akainama upande, akamtazama mtoto kabla hajanitazama mimi.

"Huyu nani?"

"Mtoto wa dada."

"Ya kwanza ama ya pili?"

"Wa pili."

Alifunga macho kidogo. "Mlete hospitali. Sasa."

Nilimwambia, kwa sauti ndogo, maana ndiyo niliyo nayo, kwamba huyu hakuitwa.

"Najua," alisema. "Ni mimi sikumwita."

Dada alifika, na shemeji naye akafika, ameletewa habari dukani kwamba watu wa hospitali wamekuja kuchukua mtoto. Alikuja na hasira na vumbi la saruji.

"Mama, sisi si watu wa kuchezewa," alisema. "Mtoto mlimpima mkasema ni mzima."

"Huyo alikuwa mwingine."

"Si wanafanana?"

"Mimi na dada yangu tunafanana. Yeye anasoma gazeti bila miwani. Mimi bila miwani, wewe ni gunia ya simiti."

Muuza nyanya alicheka kwanza, kisha dada, kisha shemeji akakosa mahali pa kuweka hasira yake. Aliuliza swali moja tu la mwisho, la mtu anayeogopa. "Kuna kitu mmekiona?"

"Sijaona kitu," Daktari alisema. "Hiyo ndiyo shida."

Hospitalini alikaa nasi kwenye benchi wakati Doto anatiwa matone ya kupanua mboni. Wafanyakazi waliopita walishangaa kumkuta pale, maana walizoea kumwona kwenye karatasi. Daktari wa macho alimwangalia Doto muda mrefu, akabadilisha kioo, akaangalia tena. Kisha akasema ugonjwa upo, macho yote mawili, na kwamba atatibiwa kwa mwale wa mwanga kesho yake asubuhi, kwa sababu kuchelewa zaidi ni kuchezea bahati. Dada hakupiga kelele. Alimgeukia mwanamke wa viatu vyeupe, ambavyo sasa havikuwa vyeupe, akamuuliza, "Atapona?"

"Wakitibiwa wakati huu, wengi wanapona."

"Sikuuliza wengi. Nauliza huyu."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko jambo jingine lolote alilotuambia. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza, aliyewanyamazisha madaktari wakubwa kwa swali la umejuaje, alikaa akiangalia mikono yake. Angeweza kusema ndiyo, na sisi tungeshukuru. Angeweza kueleza wengi ni wangapi. Alisema, "Huyu sijui." Kisha akasema, "Kwa huyu, mimi nangoja na wewe." Na kweli asubuhi alikuja, akangoja. Alingoja vibaya. Hakujua kukaa bila kuhesabu, akahesabu vigae vya ukuta, akamwambia dada kwamba fundi alikosea safu moja, na dada, aliyekuwa hajala tangu jana, akamwambia anyamaze. Akanyamaza. Sista anasema hakuna mtu katika idara ile aliyewahi kufaulu hivyo.

Macho ya Doto yalipona. Anavaa miwani minene kuliko ya mwalimu wake, na anajivunia. Lakini nisiwafanye mdhani kwamba yote yaliisha hivyo. Daktari alimwendea mkuu wa idara na kumwambia kwamba ile habari nzuri isitolewe. Mkuu, mzee mstaarabu, alimwomba asubiri mpaka wageni waondoke. Akakataa. Siku ya mkutano alisimama mwenyewe mbele ya wageni akasema kwamba kila mtoto waliyemwita alikuja, na ndiyo maana hawakujua chochote juu ya wale ambao hawakuwaita. Kisha akaeleza kosa ni lipi na ni la nani. Keki ililiwa kimya kimya. Wako waliosema ameiaibisha idara. Nafasi ya juu iliyokuwa ikitajwa pamoja na jina lake ilipewa mtu mwingine, mtu wa salamu nyingi.

Akina Doto wengine walitafutwa mji mzima. Wengi walipatikana wakiwa salama. Wachache waliwahiwa kama wetu. Mmoja, nyumba ya mteremkoni hapo Kasubi, alifikiwa baada ya macho kumalizika, yote mawili. Ninaijua nyumba hiyo, kwa sababu kwa miaka yote iliyofuata Daktari alikuwa akipita kwetu Jumamosi, ananunua vitunguu vya kikombe kimoja na sahani moja, kisha anaongeza fungu kubwa la pili na kupanda nalo Kasubi kwa miguu. Hakulizungumza. Mara moja tu, nilipomuuliza kama mama wa mtoto yule amemsamehe, alisema hajawahi kumuuliza, kwa sababu si haki kumpa mtu kazi ya kukujibu swali kama hilo. Mtoto yule sasa anasoma shule ya wasioona, na nasikia ni mtundu kupita wote.

Watu siku hizi wanalalamika kwamba hospitali zimeachia mashine kazi ya kukumbuka. Wapo wanaotaka turudi zamani, muuguzi alipomjua kila mgonjwa kwa uso. Mimi nilimwambia hivyo Daktari, nikidhani nampendeza. Akaniambia zamani ile muuguzi ndiye aliyemchoma sindano mbili. Kosa halikuzaliwa na kompyuta, alisema. Kompyuta ililipokea kutoka kwake na kulitenda haraka zaidi, bila kuchoka na bila kuona haya. Kisha akanigeuzia mimi swali. "Wewe unajua wateja wanaokuja. Wale waliacha kuja, unajua kwa nini?" Sikujua. Nilikuwa nadhani biashara yetu ni nzuri kwa sababu kila aliyesimama mezani alisifu. Nilianza kuuliza walioacha, nilipokutana nao njiani, jambo gumu kwa mtu wa aina yangu, na nikagundua kwamba wanamwogopa muuza nyanya.

Alisoma safu hii pia, polepole, kwa kidole. Nikiandika kwamba watu wengi wa Kalerwe wanafikiri hivi au vile, Jumamosi alikuja amekunja gazeti. "Wengi," alisema, "ni wewe na nani?" Nilikuwa ninakasirika, kisha ninaenda kuuliza watu. Makala hii angeichana. Angesema nimemweka mcheshi kuliko alivyokuwa, na kwamba sikuwahoji maadui zake, ambao wangenipa habari bora.

Tulienda kumzika kijijini kwao, upande wa Mpigi, mimi, dada, shemeji na watoto wote wawili. Wanawake walikuwa wamevaa gomesi, wanaume kanzu, migomba imelowa. Tulipofika uani, marehemu akatoka ndani ya nyumba kutupokea. Shemeji alirudi nyuma hatua nzima akakanyaga mguu wa padri. Alikuwa ni pacha wa Daktari, lakini kichwa ndicho kile, ufupi ule, hata namna ya kusimama akisubiri umalize maneno. Watu wazima walikuwa wakimfikia, wanatazama chini, wanashindwa kumpa pole mtu ambaye macho yao yalisema ndiye aliyelala sebuleni. Mzee mmoja alimpa mkono, akamwita kwa jina la marehemu, kisha akaanza kulia kwa aibu. Naye akamwambia haidhuru, ameitwa hivyo maisha yote.

Doto alikuwa ameshika kidole changu. Alimtazama mwanamke yule kwa muda, kichwa kimeinamia upande, kama anavyofanya akisoma ubao. Akanivuta. "Siye," alisema kwa sauti iliyosikika. "Huyu ana kidoa hapa, juu ya jicho. Daktari hakuwa nacho." Tukatazama wote, na kweli kilikuwepo, kidogo kama mbegu ya nyanya, kwenye nyusi ya kushoto. Watu walioishi naye nyumba moja walikiri kwamba hawajawahi kukiona. Dada wa marehemu alijigusa nyusi. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na miwani ile minene, akamuuliza Doto anaona nini kingine, na Doto, aliyelelewa Kalerwe na hajui kuona haya, akaanza kumweleza.

Somo ninalolichukua si kubwa, na halihitaji shule. Kazi inapokwenda vizuri na kila aliye mbele yako anakusifu, inuka uende kumtafuta asiyekuwepo, kwa miguu yako na kwa viatu ulivyovaa, kwa sababu aliyesahauliwa hana njia ya kuja kukuambia kwamba umemsahau. Na ukigundua kwamba aliyemsahau ni wewe, sema hivyo kabla keki haijakatwa. Sista ananiambia kwamba wodini sasa, kila anayempigia mama simu kumwita alete mtoto, humalizia kwa kuuliza kama nyumbani kuna mwingine. Akina mama wengi hucheka, husema yupo mmoja tu na huyo mmoja anawatosha. Wauguzi wanauliza hivyo hivyo.